Kifungashio ni sehemu ya dawa

Dawa nyingi zinazotumika Afrika Mashariki zina maneno yaleyale ubavuni mwa boksi: zihifadhiwe mahali pakavu, pasipo mwanga mkali, chini ya nyuzi joto 30. Msomaji huyapita maneno hayo akitafuta dozi. Kumbe ndiyo yanayobeba kila kitu kingine kilichoandikwa pale, ikiwamo tarehe ya mwisho wa matumizi. Kiwanda hakiipati tarehe hiyo kwa kukisia. Huweka vidonge, vikiwa ndani ya vifungashio vyake, katika vyumba vyenye joto na unyevu uliopimwa, kisha huvichunguza mara kwa mara mpaka kijue vitadumu na nguvu yake kwa muda gani. Kidonge kikitolewa kwenye kifungashio hicho na kutupwa kwenye droo ya jikoni, jaribio lile halikihusu tena. Tarehe bado inasomeka, lakini hakuna aliyeithibitisha.

Jambo hili lina uzito zaidi pwani. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, msimu wa kaskazi ukishika, joto la mchana hupita nyuzi 30 hata kivulini, na hewa imejaa unyevu. Chumba kilichoezekwa bati bila dari huwa na joto kali kuliko kivuli cha mwembe uani. Maana yake ni kwamba nyumba nyingi, kwa saa kadhaa za kila siku, ziko nje ya sharti lililoandikwa kwenye boksi. Mchana mmoja wa joto hauui dawa. Uharibifu hujumlishwa, saa kwa saa na wiki kwa wiki, na kinachoamua kama dawa itafika mwisho wa dozi ikiwa salama ni mambo mawili ambayo familia ina uwezo nayo: chombo ilichomo na mahali ilipowekwa.

Ushahidi wa nguvu ya kifungashio umetoka kwenye maghala ya jeshi la Marekani. Mwaka 1986 jeshi hilo, likishirikiana na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA), lilianza kupima dawa zake za akiba zilizokaribia kuisha muda, ili shehena za gharama kubwa zisitupwe bila sababu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalihusu dawa 122 na matoleo 3,005 ya viwandani. Asilimia 88 ya matoleo hayo yaliongezewa angalau mwaka mmoja, na wastani wa nyongeza ulikuwa miezi 66.

Wapo wanaolitaja jaribio hilo kama ruhusa ya kumeza dawa iliyopitwa na tarehe. Wanaliacha sharti lake. Dawa zilizopimwa zilikuwa hazijafunguliwa, zimo kwenye vifungashio vyake vya asili, ndani ya maghala yenye uangalizi. Matokeo hayo hayasemi lolote kuhusu vidonge sita vya doksisaiklini vilivyobaki kwenye kibahasha cha karatasi tangu masika ya mwaka juzi. Na ukoo huo wa dawa, wa tetrasaiklini, una historia yake: mwaka 1963 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa watatu walioathirika figo baada ya kumeza tetrasaiklini iliyochakaa. Viambato vya vidonge vya tetrasaiklini vilibadilishwa baadaye, ila tukio lile lilithibitisha kwamba dawa iliyoharibika inaweza kufanya zaidi ya kupoteza nguvu. Inaweza kudhuru.

Katika nyumba za pwani, adui wa kwanza wa kidonge ni maji yaliyomo hewani. Aspirini inalionyesha hilo waziwazi. Ikipata unyevu, molekuli yake huvunjika na kutoa asidi mbili: ya salisili, na ileile inayoifanya siki iwe siki. Ndiyo sababu kopo la aspirini lililokaa vibaya hunuka siki linapofunguliwa. Vidonge vyake vimepungua nguvu na vinachoma tumbo zaidi. Vidonge vya watoto vya kuyeyusha, kama zinki ya kuharisha na amoksilini ya nimonia, viko hatarini zaidi. Vimetengenezwa makusudi vimomonyoke haraka vikigusana na maji ndani ya kijiko, kwa hiyo huyavuta hata maji ya hewani. Vidonge vya rangi mbili navyo, vile vya maganda ya jelatini, hulainika na kushikana.

Mwanga una waathirika wake. Furosemidi, dawa ya kukojosha wanayopewa wagonjwa wa moyo na waliovimba miguu, hugeuka njano ikiachwa mwangani. Nifedipini ya shinikizo la damu huvunjika upesi mno ikipigwa na mwanga. Chupa za kahawia na foili zisizopenya mwanga zilichaguliwa kwa sababu hiyo. Mgonjwa anayehamishia vidonge vyake kwenye kichupa kinachoonyesha ndani, ili aone vimebaki vingapi, ameviondolea kinga bila kujua.

Joto huongeza kasi ya yote hayo, na hakuna mahali linapokuwa kali kama ndani ya gari. Mwaka 2018 watafiti wa Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoegeshwa juani siku za kiangazi. Baada ya saa moja, dashibodi zilikuwa na wastani wa nyuzi 69. Inhela ya pumu, ambayo imejaa gesi iliyoshindiliwa, huandikwa onyo kwamba isifikishwe nyuzi 50. Dereva wa teksi au wa lori anayeiacha juu ya dashibodi ili iwe karibu ameiweka mahali pabaya kuliko pote garini.

Ugumu wa uharibifu huu ni kwamba macho hayatoshi kuubaini. Kidonge chenye madoa, rangi iliyopauka au unga unaomomonyoka kinajishtaki chenyewe, lakini vingi hupungua nguvu vikiwa vinang'aa kama vipya. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja ya tiba kati ya kila kumi ama ni bandia ama haifikii viwango. Mjadala ukageukia viwanda vya magendo na mipaka ya nchi, na ni haki. Ila dawa halali, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu Kenya, inaweza kusafiri salama kutoka kiwandani hadi zahanati kisha ikashuka chini ya viwango kwenye rafu iliyo juu ya jiko la mkaa. Hakuna mkaguzi anayefika hapo.

Kosa, hata hivyo, mara nyingi huanzia dirishani pa dawa. Vidonge huhesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa la vidonge elfu moja, vikamiminwa ndani ya kibahasha, na juu yake kukaandikwa 1×3 kwa kalamu. Jina la dawa wakati mwingine halipo, na tarehe ya mwisho wa matumizi ni nadra kuwapo. Mgonjwa hupokea dawa iliyovuliwa nguo zake zote: haina kinga ya unyevu, haina kinga ya mwanga, haina utambulisho. Hata vile vinavyotoka kwenye karatasi zenye vishimo vya plastiki na foili hukatwakatwa kwa mkasi, na kipande chenye jina na tarehe kikabaki kwa muuzaji. Ushauri kwa mnunuzi ni mfupi. Aombe karatasi nzima inapowezekana; kama ni kibahasha, jina la dawa, nguvu yake na tarehe viandikwe hapo hapo mbele yake. Muuzaji aliyefunzwa, awe wa famasi au wa duka la dawa muhimu, anajua kwamba ombi hilo ni la haki.

Kwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, suala la kifungashio limefungamana na siri. Kidonge cha TLD, chenye dawa tatu ndani yake, hutolewa kwenye kopo la plastiki la vidonge 30, 90 au hata 180, na ndani yake huwa na kipakiti cha kufyonza unyevu. Tenofoviri, mojawapo ya hizo tatu, haipatani na unyevu. Lakini kopo hilo hucheza kama manyanga likiwa mkobani, na sauti yake inajulikana. Wapo wanaolitupa nje ya kliniki na kufunga vidonge kwenye mfuko wa plastiki au kipande cha kitambaa, wajifiche macho ya ndugu na wapangaji wenzao. Kumwambia mtu wa namna hiyo asiogope ni kupoteza muda wake. Kinachofaa ni njia mbadala: kopo kubwa libaki nyumbani na kipakiti chake ndani, limeviringwa nguo katikati ya sanduku, na mhusika achukue vidonge vya siku chache tu kwenye kichupa kidogo kikavu chenye kifuniko kinachobana. Kipakiti kile hakiliwi na hakitupwi hadi kopo liishe.

Insulini inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo iliyowafanya wengi waamini kwamba pasipo friji hakuna matibabu. Maelekezo ya kawaida ni kwamba kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kilichoanza kutumika kinaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30 kulingana na aina. Kwa familia ya Garissa au Lodwar, sharti hilo ni mlima. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, wagonjwa wasio na friji walilazimika kwenda hospitalini kuchomwa kila dozi.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliamua kupima wenyewe. Walirekodi joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana, wakaliiga maabara kwa wiki nne huku insulini imo ndani yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: insulini hizo hazikupoteza zaidi ya asilimia 1 ya nguvu, na hazikutofautiana na zile zilizokaa kwenye baridi. Mwaka 2023 uchambuzi wa mtandao wa Cochrane ukaenda mbele zaidi. Ulionyesha kwamba baadhi ya insulini za binadamu ambazo hazijafunguliwa zinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na hadi miezi miwili kwenye joto lisilozidi 37, bila kupungua nguvu kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Habari hizi haziruhusu uzembe. Zinahusu aina fulani za insulini, na kila mgonjwa anapaswa kukubaliana na kliniki yake kuhusu aina anayotumia yeye. Zinachofanya ni kuondoa hofu isiyo na msingi na kuielekeza pale inapostahili, yaani kwenye kuganda. Insulini iliyoganda kisha ikayeyuka imeharibika, hata kama inaonekana safi. Katika friji nyingi za nyumbani hatari iko nyuma, penye ukuta wa baridi, na karibu na friza; rafu ya katikati ni salama zaidi. Mgao wa umeme wa saa chache, friji ikiwa haijafunguliwafunguliwa, si msiba. Msiba ni kuihamishia insulini kwenye friza ili ipoe haraka umeme urudipo, au kuilaza juu ya barafu bila kitu cha kutenganisha.

Wasio na friji wana mtungi. Maji yanayopenya kwenye vitundu vya udongo huvukizwa na hewa, na mvuke unapoondoka huondoka na joto. Kichupa cha insulini kikiwa ndani ya kopo kavu lililofungwa, na kopo likiwa ndani ya mtungi uliowekwa kivulini penye upepo, hukaa kwenye joto la chini kuliko la chumba. Fizikia hiyo inategemea ukavu wa hewa. Dodoma, Turkana na Garissa mtungi hufanya kazi kubwa. Mombasa na Unguja, ambako hewa imekwisha kushiba maji, msaada wake ni mdogo. Mgonjwa wa pwani atafaidika zaidi kwa kuchukua vichupa vichache kila safari ya kliniki na kuviweka kwenye chumba chenye upepo kuliko vyote, mbali na dirisha na jiko.

Hadi hapa dawa ilikuwa ndiyo inayolindwa. Kuna sehemu ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza: kumlinda mtoto dhidi ya dawa.

Vidonge vya kuongeza damu ni mfano unaofaa kujadiliwa kwenye kila kliniki ya wajawazito. WHO inapendekeza mjamzito apate miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku, pamoja na foliki asidi. Ni dawa njema inayookoa akina mama. Ila huingia nyumbani kwa wingi, mara nyingi ikiwa na rangi inayovutia na ganda lenye utamu, wakati hasa ambapo mtoto aliyetangulia ana mwaka mmoja na nusu au miwili na anatia kila kitu mdomoni. Hesabu yake inatisha. Mtoto wa kilo 10 anaweza kuanza kudhurika kwa miligramu 20 kwa kila kilo, yaani vidonge vitatu au vinne vya miligramu 60. Akifika miligramu 60 kwa kilo, sawa na vidonge kumi, maisha yake yako hatarini. Kati ya Juni 1992 na Januari 1993, katika eneo la Los Angeles peke yake, watoto watano wadogo walikufa kwa kumeza vidonge vya madini ya chuma. Mwaka 1997 Marekani ikalazimisha bidhaa hizo zibebe onyo la wazi kuhusu watoto.

Dawa za wazee wa nyumba zina hatari ya aina hiyo. Kidonge kimoja cha glibenklamidi, anachomeza babu mwenye kisukari kila asubuhi, kinaweza kushusha sukari ya mtoto mdogo hadi akapoteza fahamu. Amlodipini ya bibi inaweza kuangusha shinikizo la damu la mtoto huyo. Klorokwini na kwinini zilijulikana zamani kwa kuua watoto kwa vidonge vichache. Katika nyumba wanamoishi vizazi vitatu, dawa kali kuliko zote huwa chini ya mto, kwenye pindo la kanga au juu ya stuli kando ya kitanda cha bibi, na mjukuu ndiye analala naye.

Kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kilizaliwa kutokana na vifo vya namna hii. Dkt. Henri Breault, daktari wa watoto wa Windsor, Ontario, nchini Kanada, alichoka kupokea watoto waliomeza aspirini, akasukuma kutengenezwa kwa kifuniko hicho mwaka 1967. Marekani ikapitisha sheria ya vifungashio vya kinga kwa watoto mwaka 1970. Kipimo cha sheria hiyo kinafaa kujulikana na kila mzazi: watoto wa takriban miaka mitatu na nusu hadi minne hupewa chupa waifungue, kisha huonyeshwa namna, na chupa hupasi ikiwa angalau asilimia 80 wameshindwa ndani ya dakika kumi. Kwa maneno mengine, hata chupa iliyopasi inaweza kufunguliwa na mtoto mmoja kati ya watano. Kifuniko humchelewesha mtoto mpaka mtu mzima amwone. Kufuli ndiyo humzuia. Na vibahasha vya karatasi havina hata hicho kifuniko.

Kwa nyumba ya kawaida, jibu linalokidhi mahitaji yote mawili ni sanduku moja lenye kufuli au kabati la juu linalofungwa, katika chumba cha kulala kisichopigwa na jua la alasiri. Jikoni kuna joto na mvuke, bafuni kuna unyevu, na juu ya friji kuna joto la mashine, tena mtoto hupafikia kirahisi kwa kuvuta kiti. Ndani ya sanduku, dawa za kila mtu ziwe kwenye mfuko wake, zikiwa kwenye vifungashio vyake na karatasi ya maelezo. Kufuli hiyo humsaidia pia kijana au mtu mzima aliye kwenye huzuni kubwa, kwa kumweka mbali na vidonge vingi katika saa mbaya. Mtoto akigundulika amemeza dawa, asilazimishwe kutapika na asinyweshwe maziwa au mafuta kama tiba. Akimbizwe hospitali, na kopo au kibahasha kiende naye, kwa maana daktari atakachouliza kwanza ni jina na idadi.

Dawa za maji zina saa yake. Amoksilini ya unga iliyokwisha kuchanganywa na maji huhesabiwa kwa siku, saba kwa bidhaa nyingi, na baadhi huhitaji friji. Ikibaki, imwagwe isingoje homa nyingine. Maji ya ORS, anayonyweshwa anayeharisha, yakipita saa 24 yatengenezwe upya. Matone ya macho hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, labda kichupa kiseme vinginevyo. Desturi ya kuandika tarehe ya kufungua kwa kalamu ubavuni mwa chupa hufuta ubishi wote huo.

Vilivyobaki virudishwe famasi au kituo cha afya kinapokubali kuvipokea. Kinapokataa, vidonge vichanganywe na majivu au mchanga wenye maji, vifungwe kwenye mfuko na kupelekwa na taka, mbali na mikono ya watoto na waokota taka. Visitupwe mtoni wala chooni, na sindano za insulini ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko.

Haya yote yamewekwa mabegani mwa familia, na si haki yaishie hapo. Anayetoa dawa ana nafasi ya kuuliza maswali matatu kabla mgonjwa hajaondoka dirishani: dawa hii utaiweka wapi, nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, na friji ipo? Majibu yangebadilisha kinachotolewa. Asiye na friji angempelekea mwanawe amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha, ambayo WHO na UNICEF wanaipendekeza kwa nimonia ya watoto, badala ya chupa ya dawa ya maji inayohitaji baridi. Mjamzito mwenye mtoto mdogo angepata vidonge vyake vikiwa kwenye karatasi za foili, ambazo mtoto hana budi kuzitoboa ili atoe kidonge kimoja kimoja, na angeambiwa kwa nini. Babu mwenye kisukari angeondoka na mjukuu au binti yake akijua kwamba kile kidonge kidogo cha asubuhi hakiruhusiwi kulala chini ya mto.